Seti ya kusafisha na kung'arisha kiko: nilichobakiza na nilichotupa

Niseme mapema: mimi sivuti. Mvutaji ni baba. Kazi ya kusafisha viko vyake imeniangukia mimi kwa sababu macho yake yamechoka na subira hana, na nimeizoea kiasi kwamba siku hizi hata rafiki zake wananiletea vyao vikiwa vimefungwa kwenye leso. Kwa hiyo haya ni maoni ya mshika msasa, wala si ya mshika kiberiti. Anayetaka kujua tumbaku ipi tamu amwulize baba.

Nilichonunua ni seti "kamili" ya kusafisha na kung'arisha kiko nyumbani, au ndivyo kifuniko chake kinavyojitapa. Ni kijisanduku cha mbao, na ndani yake mna bunda la nyaya za manyoya, kikwangulio cha chuma chenye makali yanayopanuka, kile kifaa cha vipande vitatu cha kushindilia, kuchokonoa na kuchota majivu, chupa ndogo ya dawa ya kusafishia, sponji tisa za msasa laini, kopo la nta na kitambaa cha njano. Jina la kampuni naliacha. Nimechungulia seti nyingine za aina hii na ukiondoa sanduku, vilivyomo havitofautiani sana.

Viko nilivyoijaribia ni vya baba: viwili vya mti wa braya vyenye shilamu nyeusi za ebonaiti, yaani mpira mgumu, kimoja cha braya iliyopigwa mchanga hadi ikafanya mabonde, chenye shilamu ya akriliki, yaani plastiki ngumu, kimoja cha gunzi la mahindi, na kimoja cheupe cha mershamu, lile jiwe jepesi linalochimbwa Eskişehir, Uturuki. Ili tuelewane: bori ni pale panapojazwa tumbaku, shingo ni ule mti unaotoka kwenye bori, na shilamu ni kipande cha kung'ata. Shilamu ina ulimi unaoingia kwenye tundu la shingo, kama maungio ya seremala.

Nianze na nyaya za manyoya, kwa kuwa ndizo zenye kazi kila siku na ndizo seti imezifanyia ubahili. Zilizomo ni nyembamba, manyoya yake yanapukutika, na nusu yake ni zile zenye nywele ngumu za plastiki. Hizo ngumu zina kazi yake, lakini si kila siku. Ni za kukwangua njia ya moshi iliyoziba. Kazi ya kila siku ni waya laini mkavu: upitishe kutoka mdomoni mpaka ncha ichomoze kwenye kitundu cha chini ya bori, uuache humo unyonye unyevu, kisha utupe. Waya uliojaa manyoya ya pamba unanyonya. Hizi za kwenye seti zinasukuma tu uchafu mbele na kuuacha kwenye kona. Nilinunua bunda jingine lililoshiba manyoya, na nimeshalimaliza kabla ya hizi za seti.

Na kiko kipoe kwanza. Ukiivuta shilamu wakati shingo bado ina moto, mti uliolowa na kutanuka unaweza kupasuka, au ulimi ukavunjikia ndani, na hapo hakuna sponji wala nta ya kukusaidia. Baba analijua hili vizuri sana. Kulifuata ndiyo shida.

Uchafu wenyewe hauko pale watu wanapoutafuta. Wengi wanahangaika na bori kwa kuwa ndilo linaloonekana, ilhali lami ya tumbaku inajikusanya kwenye tundu la shingo, pale ncha ya ulimi inapoishia. Pana kauwazi kadogo hapo, moshi unapoa, unyevu unatulia, na ndiko ile harufu ya uchungu inakotoka. Kwenye seti hakuna kitu chochote kinachoenea humo. Ninachotumia ni vijiti vya pamba vya masikioni vilivyochovywa kwenye alkoholi safi, na waya wa manyoya uliokunjwa mara mbili. Kijiti cha kwanza kinatoka cheusi na kinanata. Vinavyofuata vinakuwa vya kahawia, halafu njano. Njano hafifu haiishi, hata ukikesha. Ukifika hapo acha, kiko ni safi.

Sasa ile chupa ya dawa. Imeandikwa "fomula maalumu", inanuka mnanaa, na hakuna mahali popote pameandikwa ina nini. Kitu kinachokwenda mdomoni mwa mtu nataka nijue kimetengenezwa na nini, kwa hiyo niliifungua, nikainusa, nikaifunga. Dawa ya kusafishia kiko ni alkoholi kali basi: ethanoli ya kunyweka ya asilimia 95 kama inapatikana, au ile ya isopropili ya asilimia 99, ambayo hukauka yote. Kadiri alkoholi inavyokuwa na maji mengi ndivyo mti unavyolowa na kuvimba. Na spiriti ya taa, ile iliyotiwa methanoli na kitu kichungu ili isinyweke, isiguse kiko hata kwa bahati mbaya.

Alkoholi hiyohiyo nzuri nayo ina adabu zake. Ikidondokea nje ya bori inayeyusha vanishi ya shelaki na kuondoka na rangi ya mti. Utaona doa jeupe kama jicho na halifutiki. Kwenye shilamu ya akriliki ni mbaya zaidi, kwa kuwa akriliki ikilowa alkoholi hufanya nyufa nyembamba kama nywele, zinazoonekana ukiiinua kwenye mwanga. Shilamu hiyo naiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, basi. Mershamu haitaki alkoholi kabisa. Karatasi ya maelezo ya seti haikusema lolote kati ya haya. Inasema "tumia kwa wingi".

Kuna kiko kimoja cha ebonaiti ambacho baba alikipata kikiwa mkononi mwa mwenzake, na mwenzake alikuwa mtu wa tumbaku za marashi. Kila alichokivutia humo kilikuja na maua. Kwa harufu za namna hiyo watu wengi wanaapa kwa chumvi: unajaza bori chumvi ya mawe, unadondoshea alkoholi, unaacha usiku kucha, asubuhi chumvi imegeuka kahawia. Inafanya kazi. Lakini ninapendelea pamba, kwa sababu chembe za chumvi zikibaki kwenye nyufa za mti hazitoki kirahisi, na wapo wazoefu wanaosema hupasua bori. Pamba inajazwa mpaka chini, kiko kinasimamishwa ili kitundu cha chini kisiwe njia ya kuvuja, waya wa manyoya unaachwa ndani ya shingo, halafu matone ya alkoholi yanatiwa kwa bomba la sindano hadi pamba ilowe bila kufurika. Asubuhi sehemu ya pamba iliyokuwa karibu na kitundu ilikuwa rangi ya udongo wa mto. Nilirudia na pamba mpya, kisha nikakiacha kiko kikauke kwenye hewa hadi harufu ya alkoholi ikaisha yote. Usimwache mtu aharakishe hapa. Baba alikuja kukinusa kila alipopita.

"Bado, baba."

"Mwanangu, kiko hakifi njaa. Ninayekufa ni mimi."

Kikwangulio ndicho kilichonikera kuliko vyote. Ni makali manne yanayopanuka ukikaza skrubu, na wazo ni zuri: unakiingiza chembamba, unakipanua mpaka kiguse ukoko wa masizi, unakizungusha. Lakini makali ya hiki yamelegea kwenye ekseli. Ukizungusha yanaruka na kukamata, yanatafuna upande mmoja na kuacha mwingine, na ncha yake ni bapa wakati sakafu ya bori ni ya mviringo, kwa hiyo kinachonga ngazi chini ambako hapakuwa na ngazi. Nilikiweka pembeni. Ninachotumia ni msasa wa kawaida uliozungushiwa kijiti cha mviringo, kinachopungua kidogo kuliko kipenyo cha bori. Ni polepole, vumbi lake jeusi linaingia hadi kwenye kope, lakini bori linabaki mviringo.

Hapo ndipo mimi na baba tunapotofautiana. Yeye anasema ukoko ndio kiko chenyewe, ukiukwangua umemvua nguo. Ana ukweli wa nusu. Kwenye braya, utando mwembamba wa masizi unaukinga mti na moto, na wavutaji wengi wanakubaliana kuuacha ukiwa na unene wa milimita moja hivi. Ukizidi hapo, masizi na mti vinapashwa moto na kutanuka kwa namna tofauti, na kinachopasuka ni mti. Cha baba kilikuwa kimefikia mahali kidole chake cha kushindilia hakipiti. Tulipatana: nikwangue, lakini asiwepo. Kwenye mershamu hakuna mjadala. Jiwe halihitaji ukoko. Unafuta ndani kwa karatasi laini kila baada ya kuvuta na kuliacha lenyewe libadilike kutoka nyeupe hadi rangi ya asali kwa miaka. Ukijitia kulisafisha sana nje unaondoa kile ambacho mwenye nalo anakisubiri.

Ukingo wa juu wa bori, ule unaoungua na kuwa mweusi, ninausafisha kwa kitambaa na mate. Ndiyo, mate. Yana vimeng'enya, hayana makali, na masizi yanalainika bila rangi ya mti kuondoka. Wauzaji hawayasemi kwa kuwa hawawezi kuyatia kwenye chupa.

Nimefika kwenye sponji, na hapa nafuta malalamiko yangu yote. Hizi tisa peke yake zinalipia seti nzima.

Shilamu za ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Ikiwa mpya ni nyeusi tititi. Mwanga na hewa vinaitoa salfa juu, na polepole uso wa shilamu unageuka kijani cha mzeituni, kisha kahawia, unakuwa na chengachenga kwenye ulimi wa mvutaji na ladha ya kiberiti. Watu wengi hudhani ni uchafu wa mdomo wakaisugua kwa maji ya moto. Maji ya moto yanazidisha, na yakiwa moto sana shilamu iliyopindwa inaanza kujinyoosha. Nta nayo haisaidii. Unapata kijani kinachong'aa. Uso uliochakaa lazima uondoke, na kinachouondoa ni msasa.

Sponji hizi zimepangwa kwa namba: 1500, 1800, 2400, 3200, 3600, 4000, 6000, 8000 na 12000. Ni mpangilio uleule wa Micro-Mesh, msasa ambao pia hutumika kuondoa mikwaruzo kwenye madirisha ya akriliki ya ndege. Mwenye uzoefu wa msasa wa fundi asichanganyikiwe: namba hizi ni za mizani yake yenyewe, na 1500 ya hapa ni kali kuliko 1500 ya karatasi ya fundi. Ebonaiti ikiwa imeharibika sana, hata hiyo 1500 ni laini mno kuanzia. Mimi huanza na msasa wa maji wa 400, kisha 600, halafu ndiyo naingia kwenye sponji. Seti haina msasa huo na ingepaswa kuwa nao.

Kabla ya kugusa chochote, nachomeka kati ya shilamu na shingo kijiduara cha plastiki nilichokikata kwenye kifuniko cha kopo, chenye tundu la kupitisha ulimi. Kazi yake ni kulinda ukingo wa shilamu pale inapokutana na mti. Bila kinga, sponji inauviringisha ukingo huo, na kiko kikirudishwa kinaonekana kimevaa shati la mtu mwingine. Kijiduara hichohicho kinalinda maandishi yaliyogongwa kwenye shingo ya mti, ambayo msasa ukiyapitia hayarudi. Na kama kwenye shilamu pana alama ya mtengenezaji, doti au herufi, izunguke. Usipite juu yake.

Kisha maji. Sponji inalowa kidogo, unasugua kwa kufuata urefu wa shilamu, na mara moja maji yanageuka uji wa kahawia unaonuka mayai viza. Hiyo salfa. Futa, tazama kwenye mwanga wa pembeni, endelea mpaka kijani kiishe kabisa, hasa chini ya ule mdomo wa kung'atia ambako ndiko hujificha. Ukiridhika, 1800, na safari hii sugua kwa kukata njia ya kwanza, ili mikwaruzo ya zamani ionekane ikiwa imebaki. Hakuna kuruka namba. Nimewaona watu wanaotoka 2400 hadi 8000 kisha wanalaumu sponji.

Mpaka 3200 utadhani unafanya kazi bure: shilamu imekuwa ya kijivu, haina mng'ao, kama ubao wa shule uliofutwa. Ni kwenye 4000 ndipo kitu kinatokea. Nondo za dirisha zilianza kuonekana juu ya ile shilamu, kwanza zikiwa kivuli, halafu mistari. Kwenye 8000 nilihesabu nondo. Kwenye 12000 niliona kidole changu kikiwa na alama zake. Hapo bado hapajapakwa kitu chochote. Mng'ao huo ni wa ebonaiti yenyewe, na ndiyo maana haufutiki kwa mate ya mvutaji.

Sponji zina upungufu mmoja. Ni nene, haziingii kwenye kile kijifereji nyuma ya mdomo wa kung'atia. Hapo nakunja msasa wa karatasi na kuusukuma kwa ukucha. Alama za meno nazo ni habari nyingine; nyepesi huinuka kidogo ukizipitishia moto wa mbali, za ndani zinahitaji gundi nyeusi na fundi mwenye moyo. Sponji ukiziosha baada ya kazi na kuzikausha bila kuzikunja zinadumu. Zangu bado nzima ila 1500, ambayo ndiyo hufanya kazi ya punda.

Nta. Kopo limeandikwa "nta ya asili ya kiwango cha juu", na ukilifungua harufu ni ya mzinga wa nyuki, tamu na nzuri. Harufu hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Nilichukua chembe yake na chembe ya nta ya carnauba niliyokuwa nayo, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo kilichoelea juu ya maji, na kipimajoto ndani ya maji. Nilipopasha polepole, ya kwenye seti ilikuwa imekwisha kuwa tone la mafuta maji yalipopita kidogo nyuzi 60. Carnauba ilikuwa imekaa pale pale, ngumu kama kucha. Yenyewe, inayotoka kwenye majani ya mtende wa Brazili, huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86. Kwa kiko tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Bori likipata moto nta ya nyuki inalainika, inanata vidole, inashika vumbi na majivu, na baada ya kuvuta mara chache ule mng'ao umekuwa utando.

Lakini carnauba nayo haipakwi kwa mkono. Ni ngumu mno. Inataka gurudumu la kitambaa linalozungushwa kwa mota, joto la msuguano liilainishe na kuitandaza. Mwenye gurudumu anatumia udongo wa tripoli kwanza, kisha unga mweupe wa kung'arishia, kisha carnauba, kila kimoja na gurudumu lake. Asiye nalo, kama mimi, aendee nta ya mkononi iliyokwisha kulainishwa kwa vimumunyishi. Nimeridhika na Renaissance Wax, nta ile ambayo asili yake ni kazi ya watu wa British Museum ya kutunza vitu vya makumbusho. Inapakwa nyembamba sana, nje tu, na ikisuguliwa inakauka bila kuacha alama za vidole. Ndani ya bori nta haiingii, ya aina yoyote. Kwenye kile kiko chenye mabonde, nta ngumu inabaki kwenye vishimo kama ukoga mweupe. Hapo natumia nta laini kidogo na brashi ya viatu ambayo haijawahi kuona kiwi.

Kiko cha gunzi hakihitaji lolote katika sanduku hili. Usikiloweshe, usikikwangue chini, pitisha waya mkavu, na kikiungua hadi kitoboke nunua kingine. Kampuni ya Missouri Meerschaum imekuwa ikivitengeneza tangu 1869, na si vitu vya kufanyiwa matengenezo.

Kifaa cha vipande vitatu ni kizuri, baba amekwisha kukitia mfukoni. Nta nimempa jirani apake mpini wa jembe. Dawa ya mnanaa imebaki chupani, kikwangulio kiko kwenye debe la vyuma vikuukuu. Muuzaji akikubali kukuuzia sponji peke yake, chukua sponji, halafu ongeza karatasi mbili za msasa wa maji, nyaya nene za manyoya na chupa ya alkoholi safi. Kitambaa cha njano kilitoa rangi siku ya kwanza kilipoguswa na maji. Fulana kuukuu ya pamba inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.